Siku Nilipozima Uzio wa Kulwa na Doto

Ijumaa nilikabidhi funguo za chumba cha seva cha hospitali, na kabla sijafika nyumbani Cheyo simu ilikuwa imeshaita mara mbili. Mara ya kwanza ninyi vijana wa mitambo mliniuliza nenosiri la swichi ya mtandao ya ghorofani. Mara ya pili mliniuliza kama nina uhakika na lile la mara ya kwanza. Nikaona afadhali niandike, maana nikiendelea kuwajibu kwa simu nitakuwa nimestaafu kwa jina tu.

Habari za vyeo na mishahara mtazikuta kwenye faili langu, kama panya hawajalifikia. Hapa naandika kazi. Na zaidi ya kazi naandika kosa langu moja, ambalo kwenye hafla ya kuniaga lilisimuliwa kama ushujaa. Mshereheshaji alisema Mama Asteria alikimbia kama swala akaokoa maisha ya mtu. Nilikuwa nimekaa pale na soda mkononi, nikanyamaza kwa sababu watu walikuwa wanakula. Sasa mmeshakula.

Nilifika hospitalini nikitokea kwenye ufundi wa simu za mezani. Siku ya kwanza nilivaa gauni zuri, nikabeba vyeti vyangu kwenye bahasha. Mzee Masanja, aliyekuwa mkuu wa mitambo, hakuvitazama.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unajua kufagia?"

Nikajua ananidharau kwa sababu ni mwanamke. Nikafagia kwa hasira. Baadaye alinifungulia mashine moja iliyokufa, akanionyesha vumbi jekundu lililoganda ndani kama udongo wa kukandika nyumba. Vumbi la Tabora limeua mashine nyingi kuliko radi, na radi za hapa mnazijua wenyewe. Ndiyo maana mkaja mkanikuta kila Jumatatu na brashi ya kupakia rangi mkononi. Haikuwa wazimu.

Kitu cha pili alichonipa kilikuwa kaunta buku, lile daftari nene, na kalamu. Kila amri unayotaka kuiandika kwenye kompyuta, iandike kwanza kwenye kaunta buku, kwa mkono, na sababu yake. Kisha ndiyo ubonyeze. Alisema mkono una haraka, kalamu haina. Niliona ni ushamba wa watu wa zamani. Nimejaza kaunta buku kumi na tisa, ziko kwenye kabati la chini, na kuna ukurasa mmoja nitaufikia.

Mzee Masanja alikuwa mtu wa reli kabla ya kuja kwetu. Alitengeneza taa na simu za stesheni. Siku tulipoamua kuweka klasta, yaani seva mbili zinazofanya kazi ya moja ili moja ikianguka nyingine ishike, alinieleza kwa treni. Njia yetu ni moja tu. Zamani treni haikuondoka stesheni ya Bukene mpaka dereva akabidhiwe kijiti cha chuma mkononi, na kijiti kilikuwa kimoja. Huna kijiti, huondoki, hata kama unaona njia nyeupe mbele yako. "Klasta ni hivyo hivyo," akasema. "Kazi siyo kuifanya seva iwe hai. Kazi ni kuhakikisha hazishiki kijiti zote mbili."

Programu tuliyotumia ni huria. Hakuna aliyetuuzia, kwa hiyo hakukuwa na wa kumpigia simu na kumfokea. Ukikwama unaisoma mwenyewe, mstari kwa mstari, au unaandika swali kwenye orodha ya barua pepe na kusubiri. Huko tulikuwa na bwana mmoja wa nchi ya mbali, hatukuwahi kumwona hata picha, kila ukimwuliza hujibu maneno mawili: tuma logi. Mzee Masanja aliamini hiyo ndiyo salamu ya kwao. Lakini ukimtumia hiyo logi, yaani kumbukumbu ya yaliyotokea ndani ya mashine, kesho yake tatizo lako ameshaliona, na pengine amekurekebishia na programu yenyewe. Nimefanya kazi na watu wa ofisi ya jirani miaka mingi ambao hawakunisaidia hata robo ya huyo bwana.

Seva tukaziita Kulwa na Doto, kama pacha wote wa Unyamwezini: anayetangulia Kulwa, anayefuata Doto. Kulwa tulimweka jengo kuu, karibu na maabara. Doto tulimweka jengo jipya la wazazi, ng'ambo ya barabara ile ya zamani ya misafara, ili moto ukiunguza jengo moja jingine libaki na kumbukumbu zote. Kila kinachoandikwa kwa Kulwa kinanakiliwa kwa Doto papo hapo. Na kila sekunde wanaulizana: upo? Nipo. Upo? Nipo.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo watu hulala darasani. Kulwa akiuliza "upo?" na asijibiwe, hawezi kujua kama Doto amekufa au waya tu umekatika. Akidhani amekufa kumbe yu hai, wote wawili watajiona ndio wenye kazi, kila mmoja ataandika lake, na hapo una hospitali mbili ndani ya hospitali moja. Ndiyo maana kuna kitu tunakiita uzio. Kabla pacha mmoja hajachukua kazi yote, ni lazima kwanza amkatie mwenzake umeme. Tuliwawekea vifaa vya kukata umeme vyenye laini zao za simu, nje kabisa ya mtandao wetu, ili hata kebo zote zikikatika, anayewahi amzime mwenzake. Ni ukatili, lakini kijiti kinabaki kimoja. Mzee Masanja alikuwa akisema seva moja iliyokufa ni usumbufu, seva mbili zinazojiona bosi ni msiba.

Kati ya majengo mawili zilitakiwa kupita kebo mbili, kila moja kwenye mtaro wake. Mtaro wa kwanza ulichimbwa siku tatu ukaisha. Wa pili, vibarua walipofika katikati ya barabara ile ya zamani waliokota shanga, zile za kioo za enzi za misafara. Basi mtaro ukageuka machimbo. Watu walichimba kwenda kulia, wakachimba kwenda kushoto, wakachimba kila upande isipokuwa upande wa jengo la wazazi. Walipochoka, mvua zikaanza, shimo likajaa maji, msimamizi akaniuliza tufanyeje. Nikasema pitisheni kebo zote mbili kwenye ule wa kwanza, mwakani tutachimba mwingine. Njia mbili ndani ya mtaro mmoja ni njia moja. Nilijua, na nikatia saini.

Mzee Masanja akastaafu akarudi kwao. Mimi nikabaki na pacha.

Ujumbe wa hatari niliuandika mwenyewe kwa Kiswahili, ili wauguzi wauelewe. Pacha mmoja akimzima mwenzake, simu za wakuu wa wodi zote zilipokea maneno: KULWA AMEMUUA DOTO. Au kinyume chake. Niliona nimewarahisishia.

Mwaka ule umeme ulikuwa unacheza. Swichi za mtandao zinazimika sekunde chache, pacha hawasikilizani, mmoja anamzima mwenzake. Mara tatu kwa wiki, wakati mwingine mara mbili kwa siku. Na kila mara kompyuta za wodi zinaganda dakika kumi, na simu yangu inaita mpaka inapata moto.

Siku moja akaingia ofisini Sista Kabula, muuguzi mkuu wa wodi ya wazazi. Ni mtu mfupi, hana haraka, na akisema kitu amekisema. Mwenyewe ni mama wa pacha. Hakukaa.

"Asteria, mimi sijui mambo ya mitambo yako. Lakini leo nilikuwa na mama ana pacha tumboni, simu yangu iko mezani, ukaingia ujumbe. Doto ameuawa. Akausoma."

"Sista, ni jina la mashine tu."

"Kwetu pacha hawachezewi. Wewe mwenyewe ni Mnyamwezi, nani alikulea? Yule mama amelia mpaka presha imepanda. Tafuta namna."

Akaondoka. Mimi nikabaki na aibu, na hasira, na simu inaita tena, wodi ya watoto, kompyuta zimeganda.

Mtu mwenye akili angebadilisha maneno ya ujumbe. Ni mstari mmoja. Mimi nilizima uzio. Ndugu zangu, sitafuti maneno matamu: nilichoka. Nilichoka kelele, nikaona nikiuzima pacha hawatauana, kompyuta hazitaganda, Sista Kabula hatakuja tena kuniuliza nani alinilea. Nikafungua kaunta buku, nikaandika: Uzio umezimwa kwa muda. Kurudishwa Ijumaa. Nikabonyeza.

Ijumaa ilifika, na kimya kilikuwa kitamu sana. Hakuna simu. Nikasema Ijumaa ijayo. Zikapita wiki tano, na kila umeme ulipocheza pacha walipatana tena ndani ya sekunde chache, kabla hawajagongana. Watu wakaanza kunisifu kwamba siku hizi mtandao umetulia.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, jua linawaka. Saa tano kasoro Zuhura alinipigia. Huyu alikuwa mkuu wa maabara, mtoto wa mjini, mkaidi kuliko punda, na ukaidi wake ndio uliotuokoa, si mbio zangu.

"Mama Asteria, mashine yako inarudia namba."

"Inarudia vipi?"

"Nina vichupa viwili vya damu, vyote elfu nne mia nne kumi na saba. Kimoja cha wodi ya upasuaji, mwanamume. Kingine kimetoka wazazi sasa hivi."

Niwaeleze, maana wengi mmekuja baada ya utaratibu kubadilika. Wakati ule kwenye kichupa cha sampuli tuliandika namba tu, ileile ya bangili ya mgonjwa, bila jina, kwa ajili ya siri ya mgonjwa. Skrini ya maabara nayo ilionyesha namba tu. Namba inatolewa na seva, na seva haiwezi kutoa namba moja kwa watu wawili. Haiwezi, labda seva ziwe mbili.

Nilimwuliza Kulwa hali yake. Akajibu kwa utulivu: Doto hayupo, mimi ndiye mwenye kazi. Nikajua bila kwenda kumwuliza kwamba Doto naye, kule ng'ambo, anasema Kulwa hayupo, mimi ndiye mwenye kazi. Logi ilisema wameachana tangu saa tatu asubuhi. Karibu saa mbili nzima, wodi ya wazazi wanaandika kwa Doto, hospitali yote iliyobaki wanaandika kwa Kulwa, kila pacha anagawa namba zilezile kwa watu tofauti. Na hakuna aliyelalamika, kwa sababu kila kompyuta ilikuwa inafanya kazi vizuri.

Nilikwenda maabara.

"Zuhura, kuna damu imetoka kwa namba hiyo?"

Akanitazama. Yeye tayari alikuwa ameshaelewa nusu. "Mhudumu wa wazazi alikuja na kichupa na karatasi ya kuomba damu, haraka, kuna mama anavuja baada ya kujifungua. Kijana wangu dirishani akaskani namba. Skrini ikasema imeshapimwa, mfuko uko tayari kwenye friji. Akampa."

"Mfuko wa nani?"

"Wa yule mwanamume. Kundi B. Na Sista Kabula amepiga kwa simu yake ya mkononi kuhakiki, kauliza elfu nne mia nne kumi na saba ni kundi gani. Tukamwambia B." Akakishika kichupa cha pili. "Mimi nikakiona kichupa cha wazazi kimebaki kwenye rafu. Mashine inasema kimeshapimwa, na mimi sijakigusa. Nikakipima kwa mkono. Ni O, Mama Asteria. Huyo mama ni O."

Mtu wa kundi O akiingiziwa damu ya B, mwili wake unaipiga vita hiyo damu, na mara nyingi mwenye mwili ndiye anayeshindwa.

Nikapiga simu ya mezani ya wazazi. Imekufa, ilipita kwenye mtaro uleule. Nikapiga ya mkononi ya Sista Kabula. Inaita. Inaita. Haipokelewi. Zuhura akachukua simu yake naye anapiga, na mimi nikatoka.

Mshereheshaji alisema nilikimbia kama swala. Nilikuwa na miaka hamsini na nne, goti bovu, na viatu vya kisigino. Viatu niliviacha kwenye ngazi. Nilikimbia kama mama mtu mzima anayekimbia, watu wakinipisha kwenye korido wakidhani nimefiwa. Kichwani nilikuwa nahesabu. Mhudumu ameondoka na mfuko dakika kumi na tano zilizopita. Kufika wodini dakika tano. Kutundika dakika mbili. Nilijua hesabu inaniambia nini na bado nilikuwa nakimbia.

Kwenye barabara ile ya zamani nikawakuta vibarua wa mabomba ya maji. Mmoja ameshika kebo zetu mbili, zimekatwa kwa sululu, safi kabisa.

"Mama, samahani, hizi ni za kwenu?"

Nikaruka mtaro, nikaangukia mikono na magoti, nikainuka.

Wodi ya wazazi, kitanda cha mwisho, pazia limefungwa. Nilivuta pazia. Mfuko ulikuwa umetundikwa. Mrija umejaa damu mpaka chini kabisa, mpaka kwenye kibanio. Sista Kabula ameinama juu ya mkono wa yule mama, anapigapiga ngozi kwa vidole viwili. Nilimwona yule mama uso. Alikuwa na rangi ya majivu, macho wazi, ananitazama mimi niliyeingia pekupeku na magoti yana damu.

"Sista, usimwekee."

"Asteria, toka. Mishipa imejificha, hii ni mara ya nne najaribu, sasa nimeupata."

"Hiyo damu si yake."

Hakuinua kichwa. "Nimeskani mfuko, nimeskani bangili yake ya mkononi. Mashine imesema sawa. Nimepiga maabara, wamesema sawa. Huyu anavuja, unaelewa? Hana dakika za kukupa."

"Mashine ni yangu, na inadanganya. Zuhura amempima kwa mkono. Ni O. Huo mfuko ni B."

Sindano ilikuwa imeshaingia kwenye mshipa. Kilichobaki ni kufungua kibanio kwa kidole gumba, na kidole kilikuwa tayari pale. Sista Kabula alinitazama. Sijui aliona nini. Mitambo ilisema hivi, maabara walisema hivi, na mimi, mtu wa nyaya, nimesimama bila viatu nasema vingine. Angeweza kunipuuza na hakuna kikao ambacho kingemlaumu.

Akaondoa kidole.

"Kwa hiyo nimpe nini?" akauliza, polepole. "Maana nikisubiri anakufa, na nikimpa anakufa. Niambie wewe."

Akaushusha ule mfuko, akatundika maji ya dripu. Akavuta damu kidogo kwenye kichupa kipya, akachukua kalamu ya wino na kuandika jina la mgonjwa, herufi kubwa, kwa mkono. Akampa mhudumu akamwambia asiende kwa mwendo wa kuulizwa habari za nyumbani. Zuhura mwenyewe alikuwa ameshafika mlangoni na mfuko wa O ndani ya boksi la barafu, lakini Sista Kabula akakataa. Akasema leo haamini kitu chochote kilichotoka ng'ambo mpaka mgonjwa apimwe upya, na kwa jina. Alikuwa na haki. Ikachukua dakika ishirini na mbili. Nilisimama kando ya pazia, nikasikia daktari anaingia, nikasikia anaomba vitambaa zaidi, nikasikia yule mama anauliza kwa sauti ndogo, "Wananibishania nini?"

Mimi nilikwenda kwenye kabati la Doto. Hapo nako palikuwa na uamuzi. Nikimzima Doto bila kujipanga, kila kitu kilichoandikwa wodi ya wazazi tangu saa tatu kinapotea machoni: dawa nani kapewa, saa ngapi. Nikimwacha, ataendelea kugawa namba za uongo. Nikapita kitanda kwa kitanda nikiwaambia wauguzi wanakili kila kilichoko kwenye skrini kwenye karatasi, sasa hivi, na wasibonyeze kitu kingine. Walinitii kwa sababu waliona uso wangu. Walipomaliza nikashika waya wa umeme wa Doto nikauvuta kwa mkono wangu. Uzio ungefanya hivyo saa tatu asubuhi, kwa sekunde chache, na kijiti kingebaki kimoja.

Nilipogeuka Sista Kabula alikuwa nyuma yangu, ameshavua glavu.

"Ameanza kupokea," akasema. "Ya kwake." Kisha akatazama waya mkononi mwangu. "Ile kelele ya pacha kuuana. Siku hizi haiji."

"Niliizima."

"Kwa sababu yangu?"

"Hapana. Wewe ulilalamikia maneno. Mimi nikazima ulinzi."

Akarudi kwa wagonjwa wake, nami nikakaa chini kwenye sakafu pale penye kabati nikalia, na sioni aibu kuandika hivyo.

Mchana wote ule mimi na Zuhura tulipita vichupa vyote vya tangu saa tatu. Namba kumi na moja zilikuwa zimetolewa mara mbili. Tulizifuata moja moja mpaka kitandani kwa mwenyewe, tukimwuliza jina lake na kuandika kwa wino. Nyingine zilikuwa za mkojo na malaria, hazikudhuru mtu. Jioni mitambo ilirudi, Kulwa peke yake, na uzio nikauwasha kabla ya kitu kingine chochote. Maneno ya ujumbe nikayabadilisha. Ilinichukua dakika mbili.

Siku iliyofuata kikaitwa kikao. Mimi nikapewa pongezi. Zuhura akaambiwa aandike barua ya kujieleza, kwa nini maabara yake ilitoa mfuko bila kupima kichupa. Alikuwa amekaa mbele yangu, ameinamisha kichwa, anachezea pindo la mtandio wake, yeye aliyekipima kichupa ambacho mashine yangu ilimwambia asikipime. Na mimi nikanyamaza. Nawaambia ukweli, nilinyamaza labda dakika nzima, nikisikiliza sifa zangu. Kisha nikatoa kaunta buku kwenye mkoba, nikaifungua ule ukurasa, nikaisukuma katikati ya meza. Uzio umezimwa kwa muda. Kurudishwa Ijumaa. Wakasoma mmoja mmoja. Zuhura alipousoma alinitazama, na barua ya kujieleza nikaiandika mimi. Yaliyonipata baada ya hapo yamo kwenye lile faili.

Nikamfuata Sista Kabula nikamwuliza elfu nne mia nne kumi na saba yuko kitanda gani.

"Anaitwa Nyamizi," akasema. "Nenda kamwambie mwenyewe."

Nyamizi alikuwa mkulima wa tumbaku wa Usoke, mwanamke wa miaka thelathini hivi, mikono ina weusi wa gundi ya majani ambao hautoki kwa sabuni. Mtoto alikuwa kifuani, ananyonya. Rangi ilikuwa imeanza kumrudi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Unaendeleaje?"

"Naendelea. Wewe ndiye uliyekuja unakimbia. Sista amenisimulia. Ahsante."

Hiyo ahsante ningeweza kuichukua nikaondoka nayo. Nikavuta stuli nikakaa. Nikamweleza, bila maneno ya kitaalamu: kwamba kulikuwa na ulinzi wa kuzuia mashine zisichanganye watu, kwamba mimi ndiye niliyeuondoa, kwamba niliuondoa kwa sababu ya kuchoka kelele, na kwamba niliahidi kuurudisha na sikuurudisha. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akamhamisha mtoto upande wa pili.

"Kwa hiyo ungechelewa kidogo."

"Ungekufa."

"Na watoto wangu watatu wako nyumbani."

Akamfuta mtoto mdomo.

"Umeshaurudisha huo ulinzi?"

"Jana ileile."

"Na ukichoka tena?"

"Siuzimi tena."

Akamtazama mtoto. "Mama," akasema, "wewe ni mtu mzima, umekuja mwenyewe, nimekusikia. Lakini siwezi kukuambia yameisha. Leo siwezi. Nina uchovu bado. Njoo siku nyingine nikiwa na nguvu, tuongee."

Nikasema nitakuja. Jumatatu nilikuwa zamu, nikashikwa na kazi, na jioni nilipofika kitanda kilikuwa na mtu mwingine. Aliruhusiwa asubuhi.

Ilikuwa miaka sita iliyopita. Uzio haujazimwa tena hata kwa dakika moja; mtu yeyote kati yenu akiuzima nitatoka nyumbani nije. Mtaro wa pili umechimbwa. Vichupa vinaandikwa majina. Hayo yote niliyafanya vizuri, na niliyafanya kwa sababu kila moja lilikuwa rahisi kuliko kwenda Usoke. Kila mwaka nilisema likizo ijayo. Nilikuwa na zamu, nilikuwa na Kulwa, nilikuwa na Doto, kila wakati palikuwa na kitu kinachopiga kelele.

Sasa sina zamu. Jumamosi kuna basi la asubuhi la Usoke, nimeshakata tiketi. Sijui kama Nyamizi atanikumbuka, na akinikumbuka sijui kama ana nguvu. Simu nitaiacha nyumbani, kwa hiyo yale ya nenosiri mtajitegemea.